Nusu ya siku sina bosi, lakini likizo sipati

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nina mume na watoto wawili. Asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, nafanya kazi ya nusu siku kwenye kampuni ndogo, natunza hesabu zao kwa saa nne. Mchana nikirudi nyumbani naingia kwenye kazi zangu za kujitegemea: nafasiri na kuhariri hati za wateja niliowatafuta mwenyewe. Hizo hunichukua saa tatu za alasiri, halafu watoto wakishalala narudi kwenye laptopu saa tatu nyingine. Jumamosi nafanya saa sita ili kumalizia viporo vya wiki. Maisha haya niliyachagua mwenyewe na siyajutii. Nilitaka niwepo nyumbani watoto wanaporudi shule, na nipo.

Shida yangu ni kwamba mwaka wa sita huu sijapumzika. Nimesafiri, nimepiga picha, lakini kupumzika sijapumzika.

Miezi miwili iliyopita tulikodi nyumba kando ya ufuo kwa siku nne. Niliwaahidi mume wangu na watoto kwamba safari hii sitashika kazi. Siku ya pili alasiri mteja wangu mkubwa, ambaye peke yake ananiletea karibu nusu ya mapato ya kujitegemea, akanitumia ujumbe: "Najua uko mapumzikoni, ni kurasa mbili tu." Laptopu nilikuwa nimeibeba "kwa tahadhari". Nikajifungia bafuni, nikaiweka juu ya kikapu cha nguo chafu, nikaanza kufasiri. Kurasa mbili zikawa tisa. Nilipofungua mlango nje kulikuwa kumeshaingia giza, na mume wangu na watoto walikuwa wamekaa chini kwenye korido, mchanga umewakaukia miguuni, wakisubiri bafu. Hakuna aliyesema neno.

Kesho yake asubuhi simu ikalia ule mlio wa ujumbe. Mwanangu mdogo wa miaka mitano akaiwahi mezani, akanikimbilia nayo huku anacheka: "Mama, kazi!" Alikuwa na furaha kabisa, kama mtu aliyekuletea zawadi. Shangazi, nililia, na nikashindwa kumweleza kwa nini nalia.

Ofisini nako nimejaribu. Niliomba wiki moja, meneja akaniambia mbele ya wenzangu: "Wewe si una likizo kila siku kuanzia mchana?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Sijauliza tena.

Nikikaa bila kufanya kazi kichwa changu kinapiga hesabu. Siku moja bila kazi ni siku moja bila malipo, na hakuna anayenilipa nipumzike. Pia naogopa kwamba nikimwambia mteja sipo, atamtafuta mwingine na hatarudi. Mume wangu anasema niache kazi moja. Sitaki, ninazihitaji zote mbili na ninazipenda. Ninachotaka kujua ni hiki: mtu kama mimi anapumzikaje bila kuhisi kwamba anaiibia familia yake?

Ni mimi,
Mama Kazi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye korido. Nitaparudia. Lakini wewe ni mtunza hesabu, na umeniletea tarakimu bila kuzijumlisha, kwa hiyo tuanzie huko. Ofisini saa 20. Alasiri 15. Usiku 15. Jumamosi 6. Jumla ni saa 56 kwa wiki, na Jumapili hukuitaja. Naomba Mungu iwe ni kwa sababu huigusi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo ya uchunguzi wa pamoja kuhusu watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40, hatari yao ya kupata kiharusi ilikuwa juu kwa takriban asilimia 35, na ile ya kufa kwa maradhi ya moyo yanayotokana na mishipa kuziba ilikuwa juu kwa takriban asilimia 17. Sikutajii haya ili usikose usingizi zaidi ya unavyoukosa. Nakutajia kwa sababu katika barua nzima unajizungumzia kama mtu wa nusu nusu: nusu siku hapa, vikazi vyako kule, na anayefanya nusu aombe mapumziko ya nini? Wewe hufanyi nusu. Unafanya kazi kuliko wengi walioajiriwa siku nzima, ila saa zako zimetawanyika kiasi kwamba hata wewe huzioni. Mume wako anaziona.

Sasa ofisini. Meneja wako amekosea, na ninasikitika kwamba ulilazimika kucheka. Mchana ule unaotoka si likizo, ni muda ambao hawakulipi. Likizo ya mwaka ni siku ambazo ungepaswa kuwa kazini, huendi, na malipo yako yanaingia kama kawaida. Mkataba namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1994, uliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe: unataka mfanyakazi asiye wa siku nzima apate masharti yanayolingana na ya mwenzake wa siku nzima, likizo yenye malipo ikiwemo, na malipo yakokotolewe kwa uwiano wa saa zake. Si kila nchi imeuridhia, lakini sheria za kazi za nchi nyingi zina mantiki hiyo hiyo. Maana yake, kama mwenzako wa siku nzima ana wiki nne, nawe una wiki nne za kutokwenda ofisini, ukilipwa kile unacholipwa kila wiki. Hazipunguzwi kuwa wiki mbili eti kwa sababu wewe ni wa nusu siku.

Kwa hiyo soma mkataba wako wa ajira, kisha soma kifungu cha likizo katika sheria ya kazi ya nchi yako. Angalia pia kama kuna mahali wameandika kwamba malipo ya likizo yameshajumlishwa ndani ya ujira wako wa kila mwezi au wa kila saa, maana waajiri wengine hufanya hivyo na mfanyakazi hajui. Ukishasoma, mwandikie meneja. Usimwambie kwa mdomo, na usimwambie mbele za watu. Sentensi mbili zinatosha: "Naomba kujulishwa idadi ya siku zangu za likizo ya mwaka hadi leo. Ningependa kuchukua wiki moja kuanzia tarehe hii." Jambo lililoandikwa hujibiwa kwa maandishi, na watu huwa waangalifu na majibu ya aina hiyo.

Lakini najua ofisi siyo inayokuumiza zaidi.

Umeandika kwamba hakuna anayekulipa upumzike. Nimeipigia mstari sentensi hiyo, maana ndiyo kiini cha barua yako. Ni kweli hakuna anayekulipa, na sababu ni kwamba hujawahi kumtoza mtu. Likizo ya mwajiriwa haitoki kwenye huruma ya mwajiri. Imeshaingizwa kwenye bei ya kila kitu kampuni inachouza, ndiyo maana mtu anakaa nyumbani wiki nne na mshahara unaingia. Wewe ulipopanga bei yako ya ukurasa ulijipigia hesabu ya mtu anayefanya kazi wiki zote 52, asiyeugua, asiyechoka. Basi kila siku unayopumzika inaonekana ni hasara, kwa sababu kwenye vitabu vyako ni hasara kweli. Tuvirekebishe vitabu.

Tuseme unataka wiki nne kwa mwaka. Utafanya kazi wiki 48 na utaishi wiki 52. Kila malipo ya mteja yanapoingia, siku hiyo hiyo, kabla hujalipia kitu chochote, toa 8 kwa kila 100 uzihamishie kwenye akaunti nyingine isiyohusika na matumizi ya nyumbani. Ukifika mwisho wa wiki 48 utakuta mle mna malipo ya wiki nne, ya kiwango kile kile ulichokuwa unaishi nacho. Hiyo ndiyo likizo yako yenye malipo. Kama hutaki matumizi ya kila wiki yapungue hata kidogo, basi bei yako ipande kwa karibu 9 kwa kila 100. Anza na wateja wapya, wa zamani uwape taarifa ya miezi miwili. Nami nilifanya kazi za mkataba miaka mingi kabla ya kukalia kiti hiki, na bei yangu niliishikilia miaka minne nikiamini kwamba nikiigusa watanikimbia wote. Nilipoipandisha aliondoka mmoja. Waliobaki walijibu neno moja: sawa. Miaka minne ile niliwalipia mimi.

Fanya hivi hata kama mwezi wa kwanza kinachoingia ni kidogo. Siku utakapokaa ufuoni na kichwa kikaanza kupiga hesabu zake, utakuwa na jibu la kukipa: siku hii imeshalipwa. Huibii mtu.

Tuje kwa mteja wa kurasa mbili. Alikuambia anajua uko mapumzikoni. Akatuma, ukajibu. Simtetei, alikosa adabu, lakini ninachoona ni kwamba miaka sita mmefundishana. Yeye amejifunza kwamba mapumziko yako ni neno tu, wewe umejifunza kwamba ukijibu haraka hakasiriki. Hilo halifutwi kwa ugomvi. Linafutwa kwa tarehe, na tarehe hutolewa mapema.

Chagua siku sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Usingoje mwezi wenye kazi chache, kwa anayejitegemea mwezi huo ukija huja na hofu zake. Ziandike siku hizo kwenye kalenda yako ya kazi kana kwamba kuna mteja amezinunua. Kazi inayoangukia humo umeshaipatia jibu: "Siku hizo zimechukuliwa." Huna haja ya kusema zimechukuliwa na nani. Wiki sita kabla, waandikie wateja wote. Wiki mbili kabla, wakumbushe. Siku tatu kabla, wakumbushe tena wale wenye kazi mkononi mwako. Kwa mteja mkubwa ningeandika hivi:

"Habari za kazi. Sitakuwepo kazini kuanzia Ijumaa ya tarehe fulani hadi Jumatatu, na kwa siku hizo sitakuwa na kompyuta wala sitasoma ujumbe. Hati zitakazonifikia kabla ya Ijumaa ya wiki ya kabla yake zitakuwa tayari kabla sijaondoka. Zitakazokuja baada ya hapo nitazianza Jumatano nikisharudi. Kukiwa na jambo lisiloweza kusubiri, mwenzangu huyu wa fani amekubali kulishughulikia."

Umeona kwamba humwombi ruhusa, na humwombi radhi. Umeona pia kwamba unarudi Jumanne lakini yeye unampa Jumatano. Siku hiyo moja katikati ni yako, ya kufungua barua pepe bila mtu kujua umekaa mezani. Usiiache.

Huyo mwenzako wa fani ndiye utakayemtafuta mwezi huu. Najua hofu yako: nikimwonyesha mteja wangu kwa mwingine, si atamchukua? Inaweza kutokea. Ndiyo maana mnakubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba kazi ya dharura atakayoifanya ukiwa haupo malipo ni yake, mteja anabaki wako, na yeye akiondoka nawe utamfanyia hivyo hivyo. Mfasiri mwenye tabia nzuri naye ana laptopu yake bafuni, atakuelewa kuliko unavyodhani. Na kama mteja anaweza kukuhama kwa sababu ya siku nne ulizomtaarifu wiki sita kabla, basi angekuhama hata ukiugua. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa kuliko huu wa likizo: nusu ya mapato kutoka kwa mtu mmoja. Sitaliingilia leo, ila ukirudi umepumzika, kazi ya kwanza ya alasiri zako iwe kutafuta wateja wawili wapya.

Jioni ya kuondoka, usifunge laptopu hivi hivi. Chukua karatasi, andika kila kazi ambayo haijaisha, na mbele ya kila moja andika hatua inayofuata, siku utakayoifanya na saa. Usiandike "mkataba wa yule mteja". Andika "Jumatano asubuhi, nianzie ukurasa wa 14, nihakiki majina". Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walilichunguza jambo hili mwaka 2011: watu wenye jambo ambalo halijakamilika lilikuwa likiwaingilia akilini hata wakisoma kitu kingine kabisa, ila waliopata nafasi ya kuandika mpango mahususi wa kulimaliza, bughudha hiyo iliwatoka. Kazi yenyewe ilikuwa bado haijafanywa. Kilichobadilika ni kwamba ilikuwa na mahali pake.

Halafu laptopu ibaki nyumbani. Hapa siulizi kama utaweza kujizuia, naomba tu isiwemo begini. Ungekuwa huna laptopu siku ile ungemjibu nini yule mteja? Ungesema huwezi, na ingekuwa kweli. Kwenye simu, toa akaunti ya barua pepe ya kazi, zima arifa za magumzo ya wateja, na wanaohitaji kukupata kwa mambo ya familia wawe na namba ya mume wako.

Nikuonye kuhusu siku ya kwanza: itakuwa mbaya. Mkono utaitafuta simu mfukoni hata kama haijalia. Utajisikia mwenye hasira bila sababu, na utafikiri kwamba mapumziko hayakufai. Wengi huishia hapo hapo, wanarudi kwenye kazi wakisema wao si watu wa kukaa bure. Vumilia hadi siku ya tatu. Kwa sababu hiyo nakushauri uanze na siku nne zile zile, mahali pale pale ukitaka, kisha baada ya miezi mitatu uchukue wiki nzima. Usiweke mapumziko yote kwenye safari moja kubwa ya mwaka. Waliochunguza wanaotoka likizo wameona nafuu yake hufifia ndani ya wiki chache tu baada ya kurudi kazini, kwa hiyo inabidi irudiwe. Lakini usisahau lengo. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka likizo ya mwaka isiyopungua wiki tatu, na unasema ikigawanywa, sehemu mojawapo iwe angalau wiki mbili mfululizo. Uliandikwa kwa ajili ya walioajiriwa, najua. Ila sioni mwili wako una tofauti gani na wao. Mwaka kesho, wiki mbili mfululizo.

Hadi hapo, Jumapili isiguswe, na usiku mbili kwa wiki laptopu isifunguliwe watoto wakilala.

Sasa turudi kwa mtoto wako mdogo. Mwanangu, mtoto yule hakuwa anakulaumu. Amegundua kwamba mlio ule ukilia mama anaondoka, na kwamba mama akiwahi kumaliza anarudi mapema. Akaamua kukuharakishia. Alikuwa anakusaidia urudi. Usimkemee, na usimpe maelezo marefu yasiyoingia kichwani mwa mtoto wa miaka mitano. Jioni ya kuondoka, mkalishe mezani ukiwa unaandika ile karatasi. Ukimaliza, mwambie abonyeze yeye kitufe cha kuzima laptopu, mwiweke pamoja kabatini, na mhesabu kwa vidole ni siku ngapi italala humo.

Na mkitoka ufuoni jioni, wenye mchanga miguuni watangulie kuingia bafuni.

Wako,
Shangazi